Je, wajua? Kati ya pool na bowling, upi mgumu zaidi kuumasta?

Uliza swali hili kwenye kijiwe chochote chenye meza ya pool, iwe Dar au Nairobi, jibu linakuja hata hujamaliza kuuliza: pool bwana, bowling ni kurusha tu. Na hoja yenyewe inasikika ina mashiko, maana kwenye bowling pini unazoziangusha kwa mpira ni zile zile 10, zimepangwa pale pale, umbali ni mita 18 na kidogo leo na kesho, hakuna mpinzani wa kukuhamishia kitu, kwa hiyo ukishajua kurusha si unarudia tu?

Jibu naona wamelipata, pool kweli ni ngumu zaidi. Sababu ndo siyo, na inafaa kuifuatilia kwa sababu inahusu kitu ambacho mchezaji wa bowling hakioni kwa macho.

Ni mafuta. Ile njia ya kurushia mpira inapakwa mafuta na mashine, mwanzo ilikuwa ni kulinda mbao zisichubuke lakini siku hizi ndo yanaamua mchezo. Kiasi chenyewe ni kidogo mno, kwa kawaida mililita 20 mpaka 30 kwa njia nzima, na yanaishia kama kwenye theluthi mbili ya safari. Theluthi ya mwisho kabla ya pini inaachwa kavu.

Sasa fikiria bodaboda imeingia kwenye tope na dereva ameshakata usukani kushoto. Pikipiki haitii, inateleza tu mbele. Ikigusa pakavu, tairi linashika na inakata kona ghafla kuelekea kule usukani ulikokuwa umegeukia muda wote. Mpira wa bowling ni hivyo hivyo, mchezaji mzuri anauachia ukiwa unazunguka kwa ubavu, kwenye mafuta unateleza kama vile haujazungushwa, ukifika pakavu unashika na kukata kona kuingia kwenye pini. Tope likiwa refu kona inachelewa, likiwa fupi inakuja mapema na unapitiliza pale ulipotaka. Na kila tairi linalopita linaondoka na tope kidogo na lingine linalisogeza mbele, maana yake mtupo wa 20 haupiti njia ya mtupo wa kwanza hata kama mkono umefanya kilekile. Ndo maana unaona mabingwa wanahamisha miguu ubao mmoja au miwili katikati ya mchezo. Ubao mmoja, sentimita 2.7 hivi! Njia ina mbao 39.

Kwa nini wahangaike na kona? Kwa sababu mpira mzito kuliko yote unaoruhusiwa ni kilo 7.26 na kila pini ina kilo moja na nusu na ushee, ukienda moja kwa moja pini zinausukuma pembeni na ile ya 5, iliyo katikati kabisa, inabaki imesimama. Ukiingia na pembe ya digrii 6 hivi, kati ya pini ya 1, ile ya mbele kabisa, na ya 3, iliyo nyuma yake kulia, kwa anayetumia mkono wa kulia, unapenya. Na kwenye straiki safi, yaani pini zote 10 kwa mtupo mmoja, mpira wenyewe unagusa pini 4 tu, ya 1, 3, 5 na 9. Zile 6 zingine zinaangushwa na pini wenzake.

Mafuta yana uzito kiasi hiki: mwaka 1982 huko California, Glenn Allison alipiga straiki 36 mfululizo, michezo mitatu ya pointi 300, jumla 900. Chama cha bowling cha Marekani kilikataa kuitambua kwa sababu ya hali ya mafuta kwenye njia alizochezea. 900 ya kwanza kutambuliwa ni ya Jeremy Sonnenfeld, mwaka 1997.

Ila hapa kuna jambo. Kumbi nyingi za kawaida zinapaka mafuta mengi katikati na kidogo pembeni, ukikosea kwenda ndani mpira unateleza na kuchelewa kukata, ukikosea kwenda nje unashika na kurudi, yaani sakafu inakurekebishia makosa. Kwenye mashindano makubwa yanasambazwa kwa usawa zaidi na msaada huo unapungua sana. Kwa hiyo ugumu wa bowling unategemea sana umechezea wapi.

Pool haina msaada wa namna hiyo. Kwenye meza ya mashindano shimo la kona lina sentimita 11.5 hivi na mpira 5.7. Kwenye shuti iliyonyooka, mpira mweupe ukigonga milimita 1 pembeni, mpira unaoulenga unapotoka kama digrii 1, ukisafiri mita moja umeshatoka njiani karibu sentimita 1.8, bado unaingia. Kosea milimita 2, umekosa.

Na kulenga ndo sehemu rahisi. Kazi kubwa ni mpira mweupe usimame wapi baada ya hapo. Ukigonga kwa pembeni huku mweupe unateleza bila kuzunguka, unatoka kwa digrii 90 na ule ulioupiga, ila ukiwa unabiringika kawaida unapinda kama digrii 30 tu kutoka njia yake. Kati ya hizo mbili kuna mapigo mengi mno, na kila mpira unaoingia unakuachia meza ambayo huenda hujawahi kuiona. Willie Mosconi, bingwa wa pool wa Marekani, aliingiza mipira 526 bila kukosa mwaka 1954, na hiyo haiwezekani kwa shabaha peke yake, lazima mweupe ukutii kila pigo.

Halafu mpinzani. Kwenye bowling hawezi kugusa pini zako, lakini mcheza pool aliyeiva akiona hana mpira wa kuingiza anakuachia mweupe umejificha nyuma ya mipira mingine, na zamu inakuwa yako.