Sangara mkubwa: maneno ya mwaloni na ukweli wake

Kaa mwaloni Ukerewe, pale wavuvi wa Ziwa Victoria wanaposhusha samaki, nusu saa tu, watu kumi watakufundisha kuvua sangara, kila mmoja na lake. Mengine ni ya kweli. Haya siyo.

"Bila waya atakukatia mshipi, ana meno kama mamba." Mtie kidole gumba kinywani: ni vijino vidogo vimesongamana, vinakwaruza kama msasa. Sangara hang'ati, anaachama ghafla na maji yanamwingia pamoja na kitoweo. Kinachokata mshipi ni mawe na makali ya shavu lake, na kiganja changu kina alama ya shavu hilo mpaka leo. Funga nailoni nene juu ya ndoana, inatosha. Waya mwachie anayemtafuta kibebe huko Rufiji. Yule ndiye mwenye meno.

"Chambo kinachonuka ndicho kinachoita wakubwa." Kinaita kambale. Sangara anataka kitu kinachotembea: furu hai, yule samaki mdogo wa ziwani, aliyechomwa ndoana mgongoni, juu ya uti, aendelee kuogelea. Ukigusa uti tu umemuua, tafuta mwingine. Mtupe alfajiri au jua likizama, maana macho ya sangara yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu. Furu akianza kuhangaika, mshipi utatetemeka vidoleni. Hapo nyamaza, kuna mtu chini.

"Wakubwa wako kilindini tu." Kamongo na kambale huweza kuvuta hewa juu ya maji, sangara hawezi. Miezi ya mvua maji ya chini kabisa ya ziwa huishiwa oksijeni, naye hupanda. Mtafute kwenye miamba, pale kina kinaposhuka ghafla. Anavizia hapo.

"Akinasa, vuta kwa nguvu zote." Ndivyo wanavyopotea. Anaruka, anatikisa kichwa, na ndoana inachomoka kwenye tundu ulilolipanua mwenyewe. Akikimbia mpe mshipi, akipumzika uchukue, ila usilegee hata kidogo.

"Lile jitu ni dume." Karibu kila mara ni jike, na tumboni huweza kubeba mayai kwa mamilioni. Wa chini ya sentimita 50 sheria inakataza. Majike makubwa mimi huyarudisha pia, wenzangu wanacheka. Ila aliyepandishwa haraka kutoka kilindini, bondo, kile kifuko cha hewa tumboni, limefura, ukimwachia anaelea chali tu. Huyo mpeleke nyumbani.