Bushi za nyuma: yanayosemwa na ukweli wake

Gari likianza kugonga nyuma kila likipita tuta, jibu la mtaani huwa moja: shokapu zimekufa. Mwenye gari ananunua mpya, zinafungwa, na kelele ile ile inaendelea. Shokapu iliyokwisha hujionyesha: inavuja mafuta, au ukiikandamiza nyuma ya gari na kuiachia, gari linadunda mara kadhaa kabla ya kutulia. Bushi ni mpira wenye bomba la chuma katikati, unaoshikilia mkono (chuma kinachounganisha gurudumu na bodi); ikifa ina tabia nyingine. Hugonga unapokanyaga breki au unapoachia mafuta ghafla, na nyuma ya gari huhama kidogo kwenye kona bila wewe kugusa usukani.

Kuhakikisha si kazi kubwa. Ingiza nondo au bisibisi ndefu kati ya mkono na bodi, kisha sukuma. Bushi nzima hukataa, husogea kidogo, halafu hurudi. Iliyokufa, bomba la chuma la katikati linahama peke yake na mpira unabaki nyuma. Nyufa nyembamba juu ya mpira zisikutie hofu. Mpira kuachana na chuma ndiyo ishara ya kubadilisha. Na ukibadilisha, badilisha pande zote mbili, maana upande mmoja mpya na mwingine uliolegea hulifanya gari livute.

"Bushi ikiwa ngumu zaidi ndiyo bora zaidi"

Dhana hii ina nguvu kwa sababu ina ukweli ndani yake. Bushi ngumu ya poliyurithani, plastiki inayofanana na mpira, huzuia gurudumu kubadili mwelekeo ovyo, na dereva huhisi gari limetulia. Kwa kipimo cha ugumu kiitwacho Shore A, mpira wa kiwandani mara nyingi huwa kati ya 50 na 70, na poliyurithani za magari ya kawaida huanzia karibu 80 na kupanda hadi 95. Tofauti hiyo utaisikia kwenye barabara ya vumbi yenye makunyanzi: mtikisiko uliokuwa ukimezwa na mpira sasa unapanda hadi kwenye kiti.

Lakini bushi haipo kwa ajili ya ulaini tu. Chukua Vitz au IST ya kuendeshwa na magurudumu ya mbele. Nyuma kuna boriti moja inayounganisha magurudumu mawili, na bushi kubwa ni mbili tu. Gurudumu moja likipanda jiwe, boriti inajipinda, na bushi lazima zikubali kuzunguka na kuinama kwa wakati mmoja. Ndiyo maana bushi nyingi za namna hii zina matundu ndani yake: laini upande mmoja, ngumu upande mwingine, kwa makusudi. Volkswagen Golf ya kizazi cha pili, ya mwaka 1983, ilijulikana kwa bushi za boriti zilizoundwa kusahihisha mwelekeo wa magurudumu ya nyuma kwenye kona. Basi kabla ya kutoa bushi ya zamani, piga picha na uchore alama kwenye chuma kuonyesha matundu yanatazama wapi. Mpya ikiingia imezungushwa, umefunga kipuri sahihi kinachofanya kazi isiyo sahihi.

Wapo wanaojaza matundu hayo kwa gundi ya kubandikia vioo vya mbele. Njia hii ipo na inaongeza ugumu kweli, mradi mpira uwe mzima, usafishwe mafuta yote, na gundi iachwe siku kadhaa ikauke hadi ndani. Mpira uliokwisha kuachana na chuma haitauponya. Bushi zenye majimaji ndani usiziguse kabisa. Mimi nisingeifanya kwenye boriti, kwa sababu nguvu ambayo bushi haikubali kuimeza haipotei. Inahamia kwenye bolti na kwenye mabano yaliyochomelewa kwenye bodi. Ninasema hivyo hivyo kuhusu bushi za naironi za kuchongesha. Mahali panapozunguka kwa mhimili mmoja zinaweza kusaidia, kwenye boriti hapana.

Kama shida yako ni gari kulala kwenye kona, bushi za mikono si dawa kubwa. Kulala kunatawaliwa zaidi na springi na stabilaiza, yaani fimbo ya chuma inayounganisha upande wa kushoto na wa kulia. Anza na bushi za stabilaiza: ni rahisi kufunga na ugumu wake hauumizi kitu.

"Kaza nati zote gari likiwa juu, kisha shusha"

Hapa ndipo bushi nyingi mpya zinapouawa, halafu lawama zinaenda kwa muuza spea. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Bolti ikikazwa, bomba la katikati linabanwa kabisa kwenye mabano, na mkono unapopanda na kushuka ni mpira unaojinyonga. Gari likiwa juu ya stendi, magurudumu yananing'inia na mkono umeshuka. Ukikaza hapo, umeamua kwamba kuning'inia ndiko kupumzika. Likikaa chini, mpira tayari umenyongwa, na kila shimo linauongezea. Huchanika mapema, na wakati mwingine nyuma ya gari hubaki imeinuka kidogo.

Fanya hivi. Kabla ya kuinua gari, likiwa sehemu tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, na uandike. Fungua, badilisha, rudisha bolti zote lakini uzibane kwa mkono tu. Weka jeki chini ya boriti au mkono, pandisha polepole hadi kipimo kile kirudi, stendi zikiwa bado chini ya bodi. Hapo ndipo ukaze kwa toki (kipimo cha nguvu ya kukaza) iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Bushi za poliyurithani zenye bomba linalozunguka ndani hazina shida hii, ila zinahitaji grisi ya silikoni, la sivyo zitalia, na vumbi likiingia hulika.

"Ikilia, ipulizie oili"

Oili chafu na dizeli vinavyopuliziwa chini ya gari hunyamazisha kelele kwa siku chache. Vinachofanya baadaye ni kuuvimbisha mpira wa asili na kuulainisha hadi uachane na chuma. Bushi ya mpira haipakwi grisi ya kawaida kamwe. Wakati wa kuisukuma mahali pake, maji ya sabuni yanatosha.

"Choma moto mpira utoke"

Unatoka, ndiyo, pamoja na moshi wenye sumu na rangi inayozuia kutu. Bushi yenye majimaji inaweza kupasuka usoni. Tumia presi, au bolti ndefu yenye nati na vipande vya bomba vya kuvutia bushi. Ganda la nje likigoma, likate kwa msumeno wa chuma, na usimame kabla meno hayajagusa mkono wenyewe.

"Breki ya mkono inatosha"

Kwenye magari mengi breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma, yale yale uliyoyainua. Gari linaloendeshwa na magurudumu ya nyuma, hata gia ya P ya otomatiki haikusaidii, kwani nayo hushika nyuma. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na bodi ikae juu ya stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Boriti inaposhushwa, angalia mipira ya breki na nyaya za ABS zisivutike, na springi isichomoke ghafla.

Kuhusu alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu, wengi huamini ni ya mbele tu. Mark X na Forester zina bolti za kurekebisha nyuma; zichore alama kabla ya kulegeza, kisha peleka gari likapimwe magurudumu yote manne. Boriti ya IST haina marekebisho, lakini ikifungwa imekaa upande usukani hautanyooka, na mashine ya alaimenti itakuonyesha.