Amerikanisierung: Nani kamgeuza nani?

Neno Amerikanisierung ni la Kijerumani, na mara nyingi hutamkwa kwa kunung'unika. Maana yake ni kule jamii kufuata mambo ya Marekani: muziki, mavazi, chakula, biashara, hata maneno. Ukitaka kulisema kwa Kiswahili unakwama mara moja, maana kitenzi chetu hudai kujua nani kamtenda nani. Wajerumani wamemarekanishwa, au wamejimarekanisha?

Kumarekanishwa kulikuwapo. Baada ya vita kwisha mwaka 1945, jeshi la Marekani lilishika Bavaria, Hesse na sehemu nyingine za kusini mwa Ujerumani. Zikafunguliwa Amerikahäuser, nyumba zenye maktaba na mihadhara, ili watu waliotoka katika utawala wa Wanazi waonjeshwe demokrasia. Hiyo ilikuwa sera, tena ya wazi.

Lakini redio ya jeshi hilo, AFN, ilikuwa ya askari wenyewe. Vijana wa Kijerumani ndio waliotega sikio bila kualikwa. Elvis Presley, mwimbaji wa rock wa Marekani, alipofika mwaka 1958 kutumikia jeshi, alikuta tayari ana wapenzi huko. Wazee walichukia. Wakawaita vijana wa rock na jinzi Halbstarke, yaani wenye nguvu nusu, wahuni ambao hawajaiva. Na tusidhani yote yalianza hapo: Berlin ilicheza jazz tangu miaka ya 1920, na wakati wa Wanazi vijana wa Hamburg walikamatwa kwa kupenda swing, aina ya jazz.

Ushahidi unaonishawishi zaidi uko Ujerumani Mashariki, iliyokuwa chini ya wakomunisti. Huko hakukuwa na askari wa Marekani, serikali iliziona jinzi kuwa mavazi ya adui, na bado vijana walizililia mpaka ndugu wa Magharibi wakazituma kwenye vifurushi. Hapo nani kamlazimisha nani? Isitoshe, Levi Strauss, ambaye jina lake liko kwenye jinzi hizo, alizaliwa Buttenheim, kijiji cha Bavaria, mwaka 1829, kabla ya kuhamia Marekani.

Hata lugha ina vituko vyake. Simu ya mkononi Wajerumani huiita Handy, neno lenye sura ya Kiingereza kabisa, ila kwa Kiingereza halina maana ya simu. Mwambie Mmarekani kwamba Handy yako imezima chaji, uone atakavyokukodolea macho.