Kupunguza mtetemo wa usukani wa pikipiki maana yake nini hasa

Watu wengi wakisikia kupunguza mtetemo wa usukani wanawaza kuumaliza kabisa, ushike usukani kama umeshika meza. Haiko hivyo. Kuna kazi mbili hapo: ya kwanza kupunguza mtetemo kule unakotokea, ya pili kuusogeza ule unaobaki ili usikukute kwenye mwendo unaotumia kila siku. Hii ya pili ndo haielezwi vizuri, na ndo inafanya watu wanunue vitu halafu wanalalamika havifanyi kazi.

Tuanze na injini. Pistoni inapanda na kushuka, na kila inapogeuza inaivuta injini nzima kidogo. Ikizunguka mara 6000 kwa dakika, hiyo ni mitikisiko 100 kila sekunde. Injini ya silinda moja haina pistoni nyingine ya kuvutana nayo, kwahiyo krankshafti, yaani ile shafti inayozungushwa na pistoni, inawekewa uzito wa kupinga, ila uzito huo ukimaliza mtikisiko wa juu na chini unazaa wa mbele na nyuma, ndo maana mafundi wa kiwandani wanaishia katikati au wanaongeza shafti ya kusawazisha. Silinda nne za mstari mmoja zenyewe zinafutana vizuri tu, lakini unabaki mtikisiko mdogo wa kasi mara mbili ya krankshafti, yaani kwa mizunguko ileile 6000 unapata 200 kwa sekunde, hauurushi mkono ila unawasha vidole mpaka vinakufa ganzi.

Sasa usukani. Ni bomba, na kila bomba lina kasi yake linayopenda kutetema. Fikiria mtoto kwenye bembea, ukimsukuma kidogo tu lakini kwa wakati wake anaenda juu sana, ukikosea wakati haendi popote. Injini ikifikia kasi ile ya bomba, usukani unachachamaa, ukipita hapo unatulia. Ndo maana kuna pikipiki nzuri kabisa mpaka ufike mwendo fulani, ukiongeza kidogo mtetemo umeisha.

Vile vyuma vizito vya kwenye ncha za usukani kazi yake ni hiyo. Uzito ukiongezeka mwishoni mwa bomba, kasi yake ya kutetema inashuka, kwahiyo kile kipande kibaya kinahamia mizunguko ya chini ambako unapita haraka. Mtetemo wenyewe bado upo, umehama tu. Kwa maoni yangu ndo kitu cha kwanza kujaribu kama injini ni nzima, na usiting'oe vya kiwandani kwa sababu ya urembo. Wengine wanajaza mchanga au vigololi vidogo vya chuma ndani ya bomba, nayo inasaidia, inaongeza uzito na chembe zikisuguana zinakula nguvu ya mtetemo. Raba chini ya klampu za usukani zinasaidia pia, ila zikiwa laini mno usukani unakuwa legelege na hiyo sipendi kabisa.

Lakini kabla ya kununua chochote tafuta chanzo!! Weka gia huru, pikipiki imesimama, piga resi mpaka mizunguko ile inayokusumbua. Usukani ukitetema vilevile, ni injini au bolti zinazoishikilia kwenye fremu, kagua kama zimelegea au raba zake zimekufa. Usipotetema hapo, na barabarani unaanza kwenye spidi ileile hata ukibadili gia, angalia magurudumu, cheni iliyokazwa kupita kiasi na beringi za usukani. Bolti iliyolegea haitibiwi na uzito wa ncha, na ni hatari.

Glovu zenye jeli na gripu nene zinakuja mwisho. Kushika pia kuna maana, kadiri unavyokaza mkono ndivyo mtetemo unavyoingia zaidi, shika kwa kulegeza na mwili ubebwe na miguu na mgongo. Mkono wa akseleta ndo unaumia zaidi kwa sababu hauachii kamwe, kwahiyo safari ndefu simama mara kwa mara. Ganzi inayoisha ukishuka ni kawaida, ila vidole vikianza kuwa vyeupe kwenye baridi au ganzi ikakaa mpaka usiku, muone daktari mapema, mishipa ya damu na ya fahamu ikishaharibika kwa mtetemo hairudi kirahisi.