Mgongo ndio ulikuwa unauma, mbona kovu liko tumboni?

Mjomba wangu wa Njoro alifanyiwa operesheni ya mgongo, akarudi nyumbani, tukaenda kumwona. Vile wagonjwa wa operesheni walivyo, hata chai haijamiminwa alishainua shati atuonyeshe. Kovu lilikuwa chini ya kitovu. Shangazi akanyamaza, mimi nikaeleza kwa ile sauti ya mtu anayejua, ati hapo ndipo walipotoa mfupa wa kwenda kupandikiza mgongoni. Watu wakaitikia kwa kichwa. Hakuna mfupa hapo, na mimi sikujiuliza.

Kosa langu lilianza mbali zaidi ya kovu. Pitisha kidole katikati ya mgongo wako, utahisi vinundu vya mfupa vimejipanga, na kama mimi umekuwa ukidhani huo ndio uti wa mgongo. Kumbe hizo ni ncha tu, kama mikia. Pingili yenyewe, ile sehemu nene inayobeba uzito, pamoja na diski, vile vijimto laini vinavyokaa kati ya pingili na pingili, ziko ndani kabisa, zimeelekea tumboni. Kati ya ngozi ya mgongo na diski kuna misuli minene, kuna matao ya mfupa, halafu kuna mfereji wa neva zinazoshuka miguuni. Kwa hivyo daktari anayeingilia nyuma hajachukua njia ya mkato hata kidogo, amechagua kupenya kwa msongamano.

Operesheni yenyewe ni ya kuunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Ilianza New York mwaka 1911, madaktari wawili, Albee na Hibbs, kila mtu kivyake, na siku hizo wagonjwa wengi walikuwa wa TB ya mgongo. Siku hizi kwa kawaida diski inatolewa, mahali pake panawekwa kiboksi chenye vipande vya mfupa, halafu skrubu zinashikilia. Na skrubu hazifanyi kazi ile tunadhani: ni kama zile mbao za fundi wakati slab inamwagwa, zinashikilia tu mpaka zege ikauke, na hapa kukauka kunachukua miezi. Mfupa ukikataa kuota, skrubu zinaweza kulegea au kuvunjika.

Njia nyingine ya kufikia diski ni mbele, ndiyo maana ya kovu la mjomba. Sasa, daktari anafikaje huko kupitia tumboni bila kutoboa matumbo? Kumbuka sanduku la bati la boarding, mama amepanga nguo zote ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa plastiki. Ukitaka kitu kilicho chini huhitaji kufungua mfuko, unaingiza mkono pembeni, unausukuma wote upande mmoja, sakafu ya sanduku inaonekana. Matumbo nayo yamefungiwa ndani ya utando, na daktari anausogeza utando mzima bila kuufungua. Diski anaiona uso kwa uso, anaweka kiboksi kikubwa, misuli ya mgongo haijaguswa.

Shida huko mbele ni mishipa mikubwa ya damu. Fikiria barabara inayotoka Nakuru mpaka Mau Summit, pale inapogawanyika, moja inaenda Eldoret nyingine Kericho hadi Kisumu. Mshipa mkuu nao unagawanyika hivyo mbele ya pingili ya nne ya kiuno. Diski ya mwisho kabisa kwa kawaida iko chini ya njia panda, kwenye ile pembe katikati, unafanya kazi bila kusimamisha gari. Ya juu yake iko barabarani penyewe, lazima magari yasukumwe kando, na hapo ndipo mshipa unaweza kuchanika. Mwanaume ana hatari nyingine ambayo hakuna aliyemuuliza mjomba mbele ya shangazi: neva ndogo za hapo zikiguswa, shahawa zinaweza kurudi kwenye kibofu badala ya kutoka.

Kupitia nyuma hatari ni neva kuvutwa au utando unaozunguka neva kupasuka, maji yavuje. Kuna pia njia ya ubavuni, paja linaweza kufa ganzi, mara nyingi kwa muda, na diski ya mwisho haifikiki hivyo kwa sababu mfupa wa nyonga umeziba.

Ipi inaponya zaidi? Hapa ndipo mambo yanachekesha kidogo. Huko Uswidi, mwaka 2002, walitoa matokeo ya wagonjwa 222 waliogawanywa kwa kura: kuunganisha bila vyuma, kuongeza skrubu, au skrubu pamoja na mfupa katikati ya pingili, wengine kupitia tumboni. Mifupa iliungana kwa asilimia 72, 87 na 91, na matatizo ya mapema nayo yakapanda, 6, 16, 31. Maumivu baada ya miaka miwili? Hakukuwa na tofauti ya maana. Kulinganisha mbele na nyuma kwenyewe mara nyingi kunategemea rekodi za wagonjwa ambao daktari alishawachagulia njia, kwa hivyo ukisikia moja imeshinda uliza kwanza nani alipelekwa wapi.

Mjomba nilimpigia baadaye kusahihisha maneno yangu. Akacheka, akasema baada ya tumbo walimgeuza, skrubu zikaingilia nyuma, ana vidonda vinne vidogo huko. Siku ile hakuna aliyemwambia ageuke.