Kuhamisha Faili Si Kutunza Nakala: Diski ya Nje au Wingu?

Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ianze kutumika Mei 2023, watu wanaofika kwenye dawati letu la TEHAMA wamebadilika. Zamani alikuja mwanafunzi aliyepoteza tasnifu. Siku hizi anakuja mhasibu wa SACCOS, mwalimu mkuu, msimamizi wa zahanati, na swali ni lile lile: tununue diski ya nje, au tulipie hifadhi ya mtandaoni, hilo mnaloliita wingu?

Kabla ya kujibu huwa nauliza faili zenyewe ziko wapi sasa hivi. Mhasibu mmoja alitoa diski kwenye mkoba, imeviringishwa kwa leso. Nilipoichomeka ikagonga tik, tik, tik, kisha kimya. Ilidondoka kutoka mezani wiki iliyopita, akasema, lakini haikupasuka. Hesabu za wanachama za miaka sita zilikuwa humo. Kwenye kompyuta hazikuwepo tena, maana alizihamisha "ili mashine iwe nyepesi". Akashikilia kwamba ile ndiyo bakapu yake, yaani nakala rudufu. Jamani, ile haikuwa bakapu. Ni faili zile zile zilizohama nyumba. Nakala rudufu ni ya pili, na ya kwanza hubaki ilipo.

Ndani ya diski ya kawaida mna sahani inayozunguka kwa kasi na kichwa cha kusomea kinachoelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Ikidondoka, hasa ikiwa inafanya kazi, kichwa hukwangua sahani. Ikianza kugonga, ichomoe na uiache. Kila ukiichomeka tena kujaribu bahati, unakwangua zaidi. SSD, diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka, ila nayo ikifungiwa kabatini miaka mingi bila umeme inaweza kupoteza kilichomo. Zile flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa terabaiti 2 nyingi ni za uongo: chipu ni ndogo, na imepangwa idanganye kompyuta. Majina ya faili utayaona yote, yaliyomo hayamo. Kuipima, ijaze kwanza, kisha ufungue faili ulizoweka mwisho.

Wingu nalo lina mambo yake. Google wanakupa GB 15 za bure, lakini barua pepe, picha na hati zote zinagombania hizo hizo. Apple wanakupa GB 5. Kupandisha GB 15 kwa intaneti ya megabiti 5 kwa sekunde kunachukua zaidi ya saa sita, na bando ni lako. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, waliokuwa na kila kitu winguni walikaa wakiitazama skrini.

Wengi pia wanadhani wingu ni bakapu kwa sababu tu lipo. Simu au kompyuta ikiwa imeunganishwa ili ilandane na wingu, ukifuta huku, kule nako kunafutika. Kapu la taka la Google Drive linashika siku 30 tu. Akaunti isiyoguswa miaka miwili inaweza kufutwa. Na laini ya simu uliyoitelekeza, iliyosajiliwa kurudisha nenosiri, siku moja inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine.

Basi jibu ni vyote viwili. Diski kwa mafaili mengi na kurejesha haraka, wingu kwa siku ya mwizi, moto au mafuriko. Diski ichomolewe ukimaliza, kwani kirusi cha kudai fidia, kinachofunga faili zako hadi ulipe, hufunga chochote kilichochomekwa. Na msilipe wingu moja mkalala: kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya wingu, huko Strasbourg, Ufaransa, kiliungua Machi 2021, na wapo wateja waliopoteza data zao.

Kwa taasisi, hata hivyo, uamuzi si wenu peke yenu. Anayekusanya au kuchakata taarifa za watu husajiliwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na cheti hudumu miaka mitano. Kuweka taarifa hizo winguni, kwenye seva (kompyuta ya kuhifadhia) iliyo nje ya nchi, ni kuzisafirisha, na kanuni za 2023 zinataka kibali cha Tume. "Ni akaunti yangu binafsi ya bure" si utetezi. Kwa kweli inazidisha tatizo. Adhabu ni hizi. Kuzitoa taarifa kinyume cha sheria: mtu binafsi, faini ya Sh 100,000 hadi milioni 20, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote; kampuni, faini ya Sh milioni 1 hadi bilioni 5. Kuziharibu au kuzifuta kinyume cha sheria: faini hadi Sh milioni 10, kifungo kisichozidi miaka mitano, au vyote. Sisemi kwamba kila diski iliyodondoka ni kosa. Kwa hilo muulizeni mwanasheria wenu. Ila diski iliyobeba taarifa za wanachama ifungwe kwa nywila na usimbaji, yaani zisisomeke bila ufunguo, isitembee uchi kwenye mkoba.

Anayetaka diski ichunguzwe aje nayo bila kuichomeka tena, pamoja na barua ya ofisi yake inayotaja aina ya taarifa zilizomo. Bila barua hiyo hatutaigusa, hata kama foleni ni fupi.