Mfumo wa kufyonza vumbi katika karakana ya nyumbani: maana yake na unavyofanya kazi

Mfumo wa kufyonza vumbi ni mpangilio mzima unaolinasa vumbi la mbao pale linapotokea, ukalisafirisha ndani ya bomba, kisha ukalitenga na hewa kabla hewa hiyo haijarudi chumbani au kutolewa nje. Mota na feni yake ni sehemu moja tu ya mpangilio huo. Wengi wanaoanza hukimbilia kununua mashine, wakaichomeka mpira wowote uliopo, halafu wakashangaa mbona meza bado imejaa unga.

Kwanza tujue tunahangaika na vumbi gani. Maranda na chembe nene za msumeno huanguka chini zenyewe. Hizo zinakera, lakini ufagio unazitosha. Linaloumiza ni lile usiloliona. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 70 hivi, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zilizo chini ya mikroni 10 hupenya hadi kwenye njia za hewa za kifuani, na zilizo chini ya mikroni 2.5 hufika kwenye vifuko vya hewa vya ndani kabisa ya mapafu. Ni nyepesi kiasi kwamba huendelea kuelea muda mrefu baada ya mashine kuzimwa. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, lilichapisha tathmini iliyoweka vumbi la mbao kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu. Hapa ni hasa saratani ya ndani ya pua na ya matundu ya hewa yaliyo kwenye mifupa inayoizunguka. Pumu na mzio hata havihitaji kusubiri miaka.

Ukitaka kuliona, piga msasa kwa dakika chache usiku, zima taa, kisha washa tochi uielekeze ubavuni, isikumulike usoni. Ule mwale utaonekana kama umepita kwenye moshi. Hiyo ndiyo hewa uliyokuwa ukivuta wakati unasifia mbao ilivyolainika.

Sasa tuje kwenye hewa yenyewe, maana hapa ndipo penye kutatanisha. Kuna vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya: kiasi cha hewa inayohamishwa kwa muda fulani, na ukali wa mvuto. Kifyonza vumbi cha kawaida cha karakana, kile cha pipa lenye magurudumu, kina mvuto mkali lakini kinahamisha hewa kidogo. Kinafaa vifaa vya mkononi, kama mashine ya msasa au ruta (mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao), ambavyo tundu lake ni jembamba na liko karibu kabisa na kazi. Mashine ya kukusanya vumbi, yenye feni kubwa na mfuko au filta, iko kinyume chake: mvuto wake ni hafifu lakini hewa yake ni nyingi. Ukiifunga mpira mwembamba wa milimita 35, hewa inasongwa na mashine inavuma bure. Na ukikifunga kifyonza kidogo kwenye msumeno wa meza wenye tundu la milimita 100, kitameza kilichoanguka karibu na tundu na kuacha kilichobaki kikielea.

Ili chembe zisitulie njiani, hewa ndani ya bomba inatakiwa kwenda kwa mwendo wa karibu mita 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo bomba la milimita 100 linapitisha kama mita za ujazo 565 kwa saa, na la milimita 150 linapitisha kama 1,270. Kipenyo kimeongezeka kwa nusu tu, hewa imezidi mara mbili. Ndiyo sababu wenye uzoefu hupendelea bomba pana. Lakini bomba pana likifungwa kwenye feni isiyoliweza, mwendo unashuka, na vumbi linaanza kulala chini ya bomba mpaka linaziba. Halafu zile namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi la mashine, zisome kwa shaka: mara nyingi ni za feni ikiwa tupu, bila bomba, bila kona na bila filta chafu.

Kuna jambo jingine ambalo namba peke yake hazilisemi. Unaweza kuuzima mshumaa kwa kupuliza ukiwa umbali wa mkono mzima, ila huwezi kuuzima kwa kuvuta pumzi hata ukiukaribia. Hewa inayopulizwa huenda upande mmoja, inayovutwa hutoka pande zote kwa pamoja. Kwenye mdomo wa bomba ulio wazi, ukisogea umbali sawa na kipenyo chake, mwendo wa hewa umeshashuka hadi karibu sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo bomba la milimita 100 lililowekwa sentimita 10 kutoka kwenye meno ya msumeno limeshapoteza karibu nguvu zake zote. Kuongeza feni hakuponyi hilo. Dawa yake ni kusogeza mdomo, na kuizingira sehemu inayotoa vumbi.

Msumeno wa meza ndio mfano mzuri. Vumbi lake halitoki upande mmoja. Meno yanapoikata mbao, unga mwingi unashuka chini, lakini mwingine unabaki kwenye mianya ya kati ya meno, unazungushwa chini ya meza, unapanda tena na kurushwa juu kuelekea kwa anayesukuma mbao. Ndiyo maana fundi mwenye bomba zuri chini ya meza bado anamaliza kazi kifua kikiwa cheupe. Unahitaji njia mbili: boksi la kuuzingira msumeno chini ya meza, na kikinga cha msumeno chenye mpira wake juu. Na boksi hilo usilizibe kabisa. Kama hakuna pa kuingilia hewa, hakuna hewa itakayobeba vumbi kwenda kwenye bomba.

Msumeno wa mkanda hausumbui sana, mradi mdomo uwe chini kidogo ya meza, pale mkanda unapotokea. Mashine ya kukereza inasumbua: maranda yanaruka kila upande na hakuna pa kuyafungia. Kwenye hiyo, barakoa ya kuchuja vumbi, ya daraja la FFP2 au N95, haiachwi, hata ukiwa na mfumo wa aina gani.

Kwa upande wa bomba, tumia gumu lenye ukuta laini ndani, na ule mpira wenye mikunjo uuache kwa kipande cha mwisho kinachoshika mashine, uwe mfupi iwezekanavyo. Mikunjo yake inakwamisha hewa mara kadhaa kuliko bomba laini. Kona ya digrii 90 ni bora uigawe kuwa mbili za digrii 45. Penye kuchepua, tumia kiungo cha Y kinachofuata mwelekeo wa hewa, siyo tii (kiungo chenye umbo la T). Kila mashine iwe na kifuniko chake cha kuteleza cha kufunga bomba lake, na ufungue kimoja tu kwa wakati mmoja, la sivyo hewa inagawanyika na kila mashine inapata kiduchu.

Swali la umeme tuli kwenye bomba za plastiki huwa halikosi. Utapigwa shoti ndogo za kuudhi, ni kweli, na wengine hupitisha waya mtupu uliounganishwa na ardhi ili kuzipunguza. Kwangu mimi hofu kubwa katika karakana ndogo iko kwenye cheche. Ukisaga chuma kwenye mashine iliyounganishwa na mfumo huo huo, cheche moja inaweza kulala ndani ya mfuko wa unga na kufuka kwa saa nyingi, wewe ukiwa umeshafunga mlango. Kazi ya chuma itengewe njia yake.

Baada ya kusafirisha kuna kutenga. Saikloni ni koni inayoizungusha hewa. Chembe nzito zinasukumwa ukutani na kushuka kwenye pipa, na filta inabaki na kazi ya unga laini tu. Ubaya wake ni kwamba pipa likivuja kidogo tu, hewa inaingia kutoka chini na kuupandisha unga wote juu. Kuhusu filta, mfuko unaozuia mikroni 30 tu unakunasia maranda na kukurudishia puani lile vumbi baya. Tafuta ya mikroni 1, au HEPA, yaani filta ya daraja la juu inayonasa 99.97% ya chembe za mikroni 0.3. Kutoa hewa nje kunakuondolea mzigo wa filta, ila lazima pawepo pa kuingilia hewa mpya. Kama kuna jiko au hita inayochoma mafuta, gesi au kuni ndani ya jengo hilo, feni inaweza kuuvuta moshi wake urudi ndani, pamoja na kaboni monoksaidi.

Mwenye fedha kidogo aanzie kwenye msasa, siyo kwenye saikloni. Mashine ya msasa ya mkononi ndiyo inayotoa unga laini karibu na uso wako, na kifyonza chenye filta nzuri kinaimudu. Kile kisafishaji cha hewa cha kuning'iniza darini kije baadaye. Kinasafisha kilichoponyoka, lakini hicho kimeshapita puani mwako kikielekea huko juu.

Ukishausimika mfumo, uache uendelee kuvuta sekunde 20 au 30 baada ya kuzima mashine ya kukatia, bomba lijimalizie. Na toboa ubavuni mwa pipa la saikloni kidirisha cha plastiki angavu, ukizibe vizuri kwa silikoni, uone lilipofikia. Pipa likijaa hadi juu, saikloni haitengi tena. Kila kitu kinaruka moja kwa moja kwenye filta, na mara nyingi utagundua pale tu msumeno unapoanza tena kukurushia unga.